UFA KATIKA BETONI INAYOELEA

Ndugu wafanyakazi, mara nyingi tunaona ufa katika ukuta wa betoni, nasi tunapita tu. Nyumba haianguki kwa siku moja. Lakini iko betoni ambayo ufa wake, hata ukiwa mwembamba kama unywele, hauwezi kudharauliwa: ni ile inayobeba daraja juu ya maji.

Wengine watauliza: betoni ni nzito, itaeleaje? Chukua sufuria tupu, uiweke katika beseni la maji. Ni ya chuma, lakini inaelea, kwa sababu ndani yake mna hewa. Pontoni nayo ni sanduku kubwa la betoni, tupu ndani, limefunikwa juu. Pontoni nyingi hufungwa pamoja ncha kwa ncha, hushikwa kwa kable na nanga, na barabara hupita juu yake. Karibu na mji wa Seattle, Marekani, liko daraja la namna hiyo linaloitwa SR 520, lenye urefu wa mita 2,350 hivi. Lilifunguliwa mwezi wa Aprili 2016. Kila pontoni yake kubwa ina urefu wa mita 110 na uzito wa tani karibu 10,000. Ndani yake ni vyumba vingi vilivyotengwa kwa kuta. Maji yakiingia katika chumba kimoja, vingine vinabaki vikavu. Msomaji ashike neno hili la vyumba, tutalirudia.

Ufa unatoka wapi? Simenti ikichanganywa na maji hupata joto yenyewe. Ukuta mnene hushika joto hilo, kisha hupoa na kusinyaa. Kama ulimwagwa juu ya sakafu iliyokwisha kukaza, sakafu inaushika miguu. Hauwezi kusinyaa kwa uhuru, basi unapasuka wima. Sababu ya pili ni kable. Ndani ya betoni hupitishwa kable za chuma, huvutwa kwa nguvu nyingi na kufungwa kwenye ncha, ili ziibane betoni isipasuke. Lakini pale kwenye ncha, nguvu ile ile inaweza kuupasua ukuta. Mwaka wa 2012 pontoni za kwanza za daraja la SR 520 zilionekana na nyufa kwenye kuta za ncha, na maji yakapenya. Wataalamu waliochunguza walikuta kosa katika michoro ya wahandisi. Mara nyingi mwashi ndiye anayelaumiwa kwanza. Safari hii haikuwa hivyo.

Nyufa hazilingani. Ule mwembamba sana unaweza kujiziba wenyewe: maji yakipita polepole, chokaa iliyomo katika simenti hujijenga ndani yake na kuufunga. Ukiona mstari mweupe ukutani, huenda ni kazi hiyo. Lakini ule unaopanuka na kufunga kila mawimbi yanapopiga haujizibi kamwe. Maji hufika kwenye ferabeto, chuma hushika kutu, kutu huvimba na kuisukuma betoni hadi imeguke. Katika maji ya chumvi mambo haya huenda mbio zaidi.

Kuziba, husafishwa ufa, kisha hupigwa ndani yake dawa ya resini kwa pompi, kuanzia chini kwenda juu ili hewa itoke. Lakini resini peke yake haiondoi nguvu iliyopasua. Kwa hiyo pontoni zile za mwaka wa 2012 ziliongezewa kable za kubana kwa upana. Na ukuta ulio chini ya maji je? Walitengeneza sanduku la chuma, wakaliegemeza kwenye ncha ya pontoni, wakavuta maji yote, watu wakashuka kufanya kazi pakavu.

Mtu anayeingia ndani ya pontoni yuko katika hatari ile ile ya cisterni au galeri ya zamani. Chuma kinachoshika kutu katika chumba kilichofungwa hula hewa nzuri, na pua haiwezi kukuambia. Hewa ipimwe kwanza, ipulizwe hewa mpya, na mwenzako abaki mlangoni. Resini nayo huwasha ngozi na mvuke wake huumiza kifua. Glavu na miwani si mapambo.

Turudi sasa kwenye vyumba. Tarehe 13 Februari 1979 nusu ya daraja la Hood Canal, katika jimbo lile lile la Washington, ilizama katika dhoruba kali. Wachunguzi walitaja vifuniko vya juu vilivyofunguka na kuingiza maji. Kisha tarehe 25 Novemba 1990 likazama daraja la Lacey V. Murrow, huko Seattle, wakati wa kulitengeneza. Maji ya kuvunjia betoni kuukuu yalikuwa yamewekwa ndani ya pontoni, na kuta zilikuwa zimetobolewa ili kazi iwe rahisi. Dhoruba ikaja siku za sikukuu, shantie ikiwa tupu. Maji yakaingia, yakapita chumba hata chumba, pontoni moja ikavuta nyingine. Hakuna aliyekufa, kwa kuwa daraja lilikuwa limefungwa. Lakini vipande vilivyozama vilikata kable za nanga za daraja la jirani, lililokuwa limefunguliwa mwaka mmoja tu kabla.