Petroli ikipanda nauli hupanda, ikishuka je?

TAREHE 14 ya kila mwezi imekuwa siku ya wasiwasi katika nyumba nyingi nchini. Siku hiyo Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) hutangaza bei za petroli, dizeli na mafuta taa zitakazotumika mwezi mzima. Zikiwa zimepanda, wenye magari hukimbilia vituo vya petroli kabla ya saa sita za usiku. Wasio na magari hubaki wakihesabu nauli ya kesho.

Hadi Oktoba 1994, serikali ndiyo iliyoamua bei ya mafuta. Mwezi huo soko lilifunguliwa na kila kampuni ikajipangia bei. Haikuchukua muda wanunuzi wakaanza kulalamika kwamba bei hupanda upesi mafuta yanapokuwa ghali ng'ambo, lakini huchelewa kushuka yanapokuwa rahisi. Malalamiko hayo yalichangia kurudishwa kwa kikomo cha bei Desemba 2010.

Kikomo hicho kina faida yake. Hakuna kituo kinachoruhusiwa kuuza kwa bei inayozidi iliyotangazwa. Hata hivyo, hakizuii bei yenyewe kupanda, kwani huhesabiwa kutokana na gharama ya kuagiza mafuta, thamani ya shilingi na kodi. Julai 2023, kwa mfano, kodi ya VAT kwa mafuta ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Kufikia Oktoba mwaka huo, lita ya petroli jijini Nairobi ilikuwa Sh217.36.

Linalowaudhi wengi zaidi ni hili: bei ikishuka, nani hunufaika? Oktoba 2024, lita hiyo ilikuwa Sh180.66. Mwenye gari aliiona nafuu hiyo pale pale kwenye pampu. Abiria je? Kikomo cha EPRA hakigusi nauli ya matatu, wala bei ya nyanya zilizoletwa sokoni kwa lori. Makanga anayetangaza asubuhi kwamba mafuta yamepanda ni nadra kumsikia akitangaza kwamba yameshuka.

Hata mafuta taa, ambayo ndiyo tegemeo la mama anayepikia stovu katika chumba cha kukodi, hayakusazwa. Septemba 2018 yaliwekewa ushuru wa Sh18 kwa lita ili kuwakomesha wafanyabiashara waliokuwa wakiyachanganya na dizeli. Hivyo maskini akalipia hila za watu wengine.

Familia ifanyeje? Kwanza, andikeni bei ya kila mwezi karibu na kalenda ya nyumbani, pamoja na nauli mnayolipa. Mtajua ni lini mnapunjwa. Pili, tengeni fungu la nauli mbali na pesa za chakula, ili mwezi mbaya usimnyime mtoto maziwa. Tatu, mzazi ambaye ada ya basi la shule iliongezwa kwa sababu ya mafuta aulize katika mkutano wa wazazi kama itapunguzwa bei inaposhuka. Abiria wanaopanda gari moja kila siku nao waulize kwa pamoja, kwa maana sauti ya mtu mmoja hupuuzwa.

Kilichopandishwa kwa sababu ya petroli kinafaa kushuka kwa sababu iyo hiyo. Tukinyamaza, hakuna atakayetupunguzia kwa hiari yake.