Ukanda wa Kuaminika katika Grafu ya Mstari

Mwanafunzi anayejifunza kuchora grafu hufundishwa kutia nukta mahali pake na kuziunganisha kwa mstari. Kazi hiyo ikifanywa kwa uangalifu, mstari hupendeza macho na huonekana kusema kweli tupu. Hata hivyo, mstari huo mwembamba waweza kumpotosha aliyeuchora na anayeusoma pia, kwa kuwa hauonyeshi ni kwa kiasi gani vipimo vilivyouzaa vyaweza kuaminiwa. Ili kuondoa upungufu huo, wanasayansi huuzungushia mstari eneo lililotiwa rangi hafifu, liitwalo ukanda wa kuaminika. Makala haya yaeleza maana ya ukanda huo, jinsi unavyokokotolewa, jinsi unavyochorwa kwa kompyuta au kwa mkono, na jinsi ya kuusoma.

Upungufu wa mstari peke yake

Chukuliwe mfano wa shule inayotaka kujua kama samadi huongeza kimo cha mahindi. Vitalu viwili vyapandwa mbegu za aina moja; kimoja chatiwa samadi, kingine hakitiwi. Kila juma wanafunzi huchagua miche 10 katika kila kitalu bila upendeleo, huipima, na kutia wastani wake katika grafu. Katika juma la nne wastani wa kitalu kisicho na samadi ni sentimita 42, na wa kitalu chenye samadi ni sentimita 48. Mistari miwili imeachana, na ni rahisi kutangaza kwamba samadi imeshinda.

Lakini miche ya kitalu kimoja hailingani. Mmoja waweza kuwa na sentimita 34 na jirani yake 50. Kama ingechaguliwa miche mingine 10, wastani pengine ungekuwa sentimita 40, au 44. Je, tofauti ya sentimita 6 imeletwa na samadi, au imeletwa na bahati ya uchaguzi wa miche? Mkulima atakayeshauriwa kubeba samadi hadi shambani anastahili kupewa jibu kabla ya kutoka jasho.

Hesabu ya ukanda

Hatua ya kwanza ni kupima mtawanyiko wa vipimo, yaani mkengeuko sanifu. Tofauti kati ya kila kipimo na wastani huzidishwa kwa yenyewe; majibu yote hujumlishwa; jumla hugawanywa kwa idadi ya vipimo iliyopunguzwa moja; kisha hutafutwa kipeuo cha pili cha jibu. Katika mfano huu na ichukuliwe kwamba mkengeuko sanifu wa kila kitalu ni sentimita 6.

Hatua ya pili ni kugawanya mkengeuko huo kwa kipeuo cha pili cha idadi ya vipimo. Kipeuo cha pili cha 10 ni 3.16, na 6 ikigawanywa kwa 3.16 hupatikana 1.90. Kiasi hiki huitwa kosa sanifu la wastani.

Hatua ya tatu ni kuzidisha kosa sanifu kwa namba inayopatikana katika jedwali la t. Kwa vipimo 10 na kiwango cha asilimia 95, namba hiyo ni 2.262, jibu ni sentimita 4.3. Basi mpaka wa chini wa kitalu kisicho na samadi ni 42 kutoa 4.3, yaani 37.7, na mpaka wa juu ni 46.3. Hesabu hiyo hiyo hurudiwa kwa kila juma.

Jedwali la t lilitokana na haja ya kazi ya kila siku. William Sealy Gosset, aliyeajiriwa katika kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, alilazimika mara kwa mara kutoa uamuzi kwa vipimo vichache. Mwaka 1908 alichapisha kanuni yake kwa jina la kupanga la Student. Nadharia ya mipaka ya kuaminika ilielezwa kwa ukamilifu na Jerzy Neyman mwaka 1937.

Maana ya asilimia 95 yahitaji kushikwa vyema. Kama jaribio lingerudiwa mara nyingi kwa njia ile ile, karibu mara 95 katika kila mara 100 mipaka itakayopatikana ingeuzingira wastani wa kweli wa kitalu kizima. Haina maana kwamba miche 95 katika kila 100 ina kimo kati ya sentimita 37.7 na 46.3. Ukanda huu ni wa wastani, si wa mche mmoja mmoja.

Jinsi ya kuchora

Kompyuta huhitaji jedwali lenye safu nne: wakati, wastani, mpaka wa chini na mpaka wa juu. Programu huambiwa kwanza ijaze rangi kati ya mipaka miwili, kisha ichore mstari wa wastani juu yake. Katika Matplotlib, inayotumiwa pamoja na lugha ya Python, amri ya kujaza ni fill_between. Katika ggplot2 ya lugha ya R ni geom_ribbon. Rangi ifanywe ipenyeke, ili kanda mbili zinapopitana zote mbili zionekane.

Programu za majedwali ya hesabu zisizo na amri hiyo huweza kutumiwa kwa njia nyingine. Huchorwa grafu ya maeneo yaliyopandana: eneo la kwanza ni mpaka wa chini, nalo huachwa bila rangi, la pili ni tofauti kati ya mpaka wa juu na wa chini, nalo hutiwa rangi hafifu. Njia hii yafaa pale ambapo namba zote ni chanya. Shule isiyo na kompyuta haikosi kitu: karatasi ya grafu, rula na penseli ya rangi hutoa ukanda ule ule.

Jinsi ya kusoma

Upana wa ukanda hueleza wingi wa ushahidi. Kama wanafunzi wangepima miche 40 badala ya 10, na mtawanyiko ukabaki ule ule, nusu ya upana ingeshuka kutoka sentimita 4.3 hadi 1.9. Vipimo mara nne hupunguza upana kwa zaidi kidogo ya nusu, wala si kwa robo tatu.

Mfano mashuhuri ni grafu ya joto la nusu ya kaskazini ya dunia katika miaka 1000, iliyochapishwa mwaka 1999 na Michael Mann, Raymond Bradley na Malcolm Hughes. Kwa karne zisizokuwa na vipimajoto, walitumia ushahidi wa pete za miti, barafu na matumbawe. Eneo la kijivu lililozunguka mstari wao lilikuwa pana katika karne za kale na jembamba katika nyakati za karibu. Anayetazama mstari bila kijivu hicho hudhani kwamba joto la karne ya kumi na moja lilijulikana kwa uhakika sawa na la karne ya ishirini, jambo ambalo waandishi wenyewe hawakulidai.

Tahadhari nyingine yahusu kanda zinazopitana. Ukanda wa kitalu chenye samadi ni kutoka 43.7 hadi 52.3, nao umeingiliana na ule wa kwanza. Wengi huamua papo hapo kwamba hakuna tofauti. Huko ni kukosea. Njia iliyo sahihi ni kukokotoa mipaka ya tofauti yenyewe. Kosa sanifu la tofauti ni 2.68, likizidishwa kwa 2.101, namba ya jedwali kwa vikundi viwili vya vipimo 10, hupatikana 5.6. Basi tofauti ya kweli yakadiriwa kuwa kati ya sentimita 0.4 na 11.6. Sifuri haimo. Tofauti ipo, ila yaweza kuwa ndogo mno isiyolipa taabu ya mkulima.

Jambo ambalo ukanda hausemi

Ukanda huonyesha kosa la bahati tu. Ikiwa rula ilikatika ncha, au kitalu chenye samadi kilikuwa penye udongo mzuri zaidi tangu mwanzo, ukanda hautafichua kosa hilo, hata miche 1,000 ikipimwa. Dawa yake ni kugawa shamba katika vitalu vingi vidogo na kupiga kura vipi vitiwe samadi. Aidha, maelezo chini ya grafu hayana budi kutaja kama ukanda ni wa mkengeuko sanifu, wa kosa sanifu, au wa mipaka ya asilimia 95, na idadi ya vipimo. Katika mfano huu upana kila upande wa mstari ungekuwa sentimita 6, 1.9 au 4.3, na kwa macho pekee msomaji hawezi kubainisha ni upi alioonyeshwa.