Kitambaa Kisichotii Mkono

Mfarishi ni nguo ya kitanda yenye tabaka tatu: juu vipande vya kitambaa vya rangi mbalimbali vilivyoungwa pamoja, katikati pamba iliyotandazwa, na chini kitambaa kimoja kipana. Tabaka hizo zisiposhikizwa kwa mishono mingi, pamba huhama na kujikusanya pembeni, hasa nguo ikiisha kufuliwa. Katika nchi ya Marekani, ambako kazi hii ina heshima kubwa, wengi walishikilia kwa miaka mingi ya kwamba mishono hiyo yapasa kufanywa kwa mkono tu. Kazi ya cherehani waliihesabu kuwa kazi ya wenye haraka. Lakini mwaka 1989, katika maonyesho ya mji wa Paducah, jimbo la Kentucky, tuzo kubwa ilipewa mfarishi wa Bibi Caryl Bryer Fallert, wenye sura ya jua lililopatwa, nao ulikuwa umeshonwa kwa cherehani. Tangu hapo dharau ilipungua sana.

Basi, wasomaji wetu, na hasa ninyi akina mama na binti wenye cherehani nyumbani, tutazame jinsi kazi hiyo inavyofanyika, na kwa nini huwashinda wengi siku ya kwanza.

Katika ushonaji wa kila siku, meno madogo yaliyo chini ya mguu wa cherehani husukuma kitambaa nyuma kwa kipimo kilekile. Mtu aelekeza tu. Lakini anayetaka kuchora maua au mawimbi kwa uzi huyashusha meno hayo, au huyafunika kwa kibati ikiwa cherehani ni ya zamani, akatia mguu wa kutililia, ambao haukandamizi kitambaa kwa nguvu. Sasa hakuna kinachokisukuma kitambaa ila mikono yake miwili. Kwa sababu hiyo cherehani ya kuzungusha kwa mkono haifai kazi hii. Ile ya kukanyaga kwa miguu yafaa vizuri kabisa.

Fanyeni hesabu kidogo. Sindano ikipiga mara 600 kwa dakika, ni mara 10 kwa nukta moja. Ukitaka kila hatua ya uzi iwe na urefu wa milimita 2 na nusu, yakupasa kusogeza kitambaa milimita 25 kwa kila nukta, si zaidi wala si pungufu. Mkono ukisita kwenye kona, hatua za uzi hurundikana kama punje za mtama. Mkono ukikurupuka, hatua huwa ndefu na mbaya; pengine sindano hupinda, ikagonga bamba la chuma na kuvunjika.

Hapo mshonaji hulaumu mikono yake. Sisi twaona ya kwamba mara nyingi mikono haina hatia. Mfarishi wa kitanda wenye mita 2 kwa mita 2 ni mzigo. Sehemu inayoshonwa ni ndogo kama sahani, lakini nguo iliyobaki yaning'inia mezani, nayo yavuta. Mikono ikitaka kwenda kushoto, uzito wataka kwenda chini; kisha kitambaa chaachia ghafula, na mstari umekwisha kuharibika. Mtu huyo akiongeza nguvu, atachoka mabega tu.

Kwa hiyo uondoe uzito kwanza, ndipo uifundishe mikono. Sogeza meza ukutani, ili nguo isianguke kwa nyuma. Weka meza nyingine upande wa kushoto. Ikiwezekana, inua ubao au masanduku kuzunguka cherehani mpaka yalingane na kitako chake, maana ukingo mdogo tu wakwaza kitambaa. Mfarishi wenyewe usiukunje kwa kuubana kama mkeka. Uache ujikusanye kwa ulegevu kifuani na juu ya bega la kushoto. Upande wa kulia wa sindano pana nafasi ndogo, katika cherehani nyingi za nyumbani sentimita 15 hadi 20 hivi. Basi anza katikati ya nguo, ukiendelea kuelekea pembeni.

Tena kitambaa chataka kuteleza chini na kushikika juu. Pangusa vumbi na mafuta kwenye bamba. Mikononi vaa glavu nyembamba zenye mpira vidoleni, maana vidole vikavu huteleza, na mtu huanza kukandamiza bila kujua.

Kabla ya yote, tabaka tatu zipigwe bandi au zifungwe kwa pini, upana wa ngumi kati ya pini na pini. Anayeruka kazi hii atapata mikunjo upande wa chini, na kufumua ni taabu, tena mara nyingi matundu hubaki yakionekana.

Ndipo ikae mikono: mmoja huku na mmoja huku, kama pete iizungukayo sindano. Shona eneo lililo ndani ya pete hiyo tu. Likiisha, simamisha cherehani, sindano ikiwa imezama kitambaani, kisha uhamishe mikono. Wengi husogeza mikono huku sindano inaendelea, na ndipo mstari hukatika. Macho yasiifuate sindano. Yatangulie mbele, yatazame njia.

Kuna jambo moja dogo linalowapata hata mafundi. Mguu wa kutililia hauonekani kugusa kitambaa vizuri, hata umeshushwa. Basi mtu husahau kuushusha. Uzi wa juu haupati mkazo, na chini ya nguo hutokea fundo kama kiota cha ndege. Anayeliona fundo hilo asikimbilie kukaza skrubu. Atazame mguu kwanza.

Kwa mazoezi chukua vitambaa vikuukuu viwili na pamba katikati, upana wa sentimita 40 hivi. Chora mawimbi kwa penseli karatasini mpaka mkono uyazoee, kisha uyashone bila kuchora. Geuza kila mara utazame upande wa chini, maana huko ndiko uzi husema kweli. Hatua zikianza kulingana chini na juu, ondoa kipande hicho, uulete mfarishi mezani.