Ras Mengesha na Jiwe Begani

Katika ufalme wa zamani wa Baluba, mfalme alikuwa na wana wengi wa mama mbalimbali. Alipokufa, mara nyingi wana hao waligombea kiti chake, na kila mmoja alisaidiwa na watu wa ukoo wa mama yake. Ugomvi wa namna hiyo haukuwa wa Baluba peke yao. Ulitokea pia Ethiopia, nchi ya milima mirefu, ambayo watu wake wengi ni Wakristo tangu zamani sana.

Mwaka 1889 mtawala wa Ethiopia alikuwa Yohannes wa Nne, mtu wa Tigray, upande wa kaskazini. Aliitwa mfalme wa wafalme, kwa sababu wafalme wengine walikuwa chini yake. Alikuwa na mwana mmoja tu wa ndoa, Araya Selassie, naye alikufa mwaka 1888.

Mwezi wa Machi 1889 Yohannes alipigana na wafuasi wa Mahdi kutoka Sudani, mahali paitwapo Metemma. Huko alipigwa risasi. Alipoona kwamba atakufa, alisema neno ambalo lilikuwa limefichwa siku nyingi. Kijana Mengesha, aliyehesabiwa kuwa mtoto wa ndugu yake, alikuwa mwanawe mwenyewe, aliyezaliwa nje ya ndoa. Huyo ndiye awe mrithi wake.

Wakubwa wengi wa Tigray walimkubali Mengesha. Mmoja wao alikuwa jemadari hodari, Ras Alula. Ras ni cheo kikubwa, na maana yake ni kichwa. Lakini upande wa kusini, katika Shewa, alikuwako mfalme Menelik. Huyo alikuwa na askari wengi na bunduki nyingi, tena alisema kwamba ukoo wake unatoka kwa mfalme Solomoni. Aliposikia habari za Metemma hakungoja. Alijitangaza kuwa mfalme wa wafalme, na mwezi wa Novemba 1889 akavikwa taji.

Mengesha angefanya nini? Jeshi la baba yake lilikuwa limetawanyika. Ugonjwa wa sotoka ulikuwa umeua ng'ombe, na njaa ilikuwa kali. Tena wageni walikuwa mlangoni. Waitalia walikuwa wameshika pwani ya Bahari Nyekundu, na mwaka 1890 wakaiita koloni yao Eritrea. Waitalia walijua kwamba nyumba yenye ugomvi huingiwa kwa urahisi. Basi mwaka 1889 walifanya mapatano na Menelik huko Wuchale. Mwisho wa mwaka 1891 wakapatana na Mengesha pia.

Mapatano ya Wuchale yaliandikwa kwa lugha mbili, lakini maneno hayakulingana. Kwa Kiamhara yalisema kwamba Menelik, akipenda, aweza kuwatumia Waitalia kupeleka maneno yake kwa wafalme wa Ulaya. Kwa Kiitalia yalisema kwamba ni lazima. Kwa maneno hayo Waitalia walidai kwamba Ethiopia iko chini yao. Mwaka 1893 Menelik aliyakataa mapatano hayo.

Sasa ilimpasa Mengesha kuchagua. Akiwafuata Waitalia, pengine angepata nafasi ya kumpinga Menelik, lakini nchi ingekuwa ya wageni. Akimfuata Menelik, ingembidi aache kiti alichoachiwa na baba yake. Mwezi wa Juni 1894 alisafiri mpaka Addis Ababa. Akaenda mbele ya Menelik akichukua jiwe begani. Katika desturi ya Ethiopia, hiyo ndiyo alama ya mtu anayejishusha na kuomba msamaha. Menelik akamsamehe.

Mwezi wa Januari 1895 Waitalia walimshinda Mengesha huko Coatit, wakaingia Tigray. Ndipo Menelik alipoita watu wa Ethiopia yote, akaenda kaskazini na jeshi la watu wapata 100,000. Tarehe 1 Machi 1896 walipigana huko Adwa. Mengesha na Ras Alula walikuwamo, upande wa Menelik. Jeshi la Italia, watu zaidi ya 17,000, lilishindwa siku ile ile. Mwaka huo huo Italia ilikubali kwamba Ethiopia ni nchi huru.

Lakini moyo wa Mengesha haukutulia. Alitaka aitwe mfalme wa Tigray, na Menelik hakumpa jina hilo. Mwaka 1898 aliasi. Menelik alimtuma Ras Makonnen, baba wa Haile Selassie, na jeshi kubwa. Mwaka 1899 Mengesha alijitoa mikononi mwao. Safari hii hakurudishwa Tigray. Alifungwa katika Ankober, mji wa milimani, akafa mwaka 1906.

Hivyo mwana huyu hakupata kiti cha baba yake. Lakini siku ya Adwa, nchi iliyokuwa ya baba yake ilimwona kati ya watetezi wake.

Maulizo
1. Yohannes alisema neno gani kabla ya kufa?
2. Kwa nini Waitalia walipatana na Menelik na Mengesha pia?
3. Jiwe begani lilikuwa alama ya nini?
4. Kama Mengesha asingalikwenda Addis Ababa mwaka 1894, ingalikuwaje siku ya Adwa?