MATUNZO YA MTOTO YAHESABIWE, YASIKISIWE

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Neno hilo halimhusu mwenye duka peke yake. Lawahusu pia baba na mama walioachana wakiwa na mtoto, maana siku wakutanapo mbele ya wazee, au mbele ya Afisa Ustawi wa Jamii, au mbele ya hakimu, swali liwangojalo ni moja: mtoto atapewa kiasi gani kwa mwezi? Na mara nyingi jibu hutolewa kwa kubahatisha. Mmoja hutaja fedha nyingi kwa uchungu wa moyo, mwingine hutaja fedha kidogo kwa hasira, kisha husogezwa mpaka katikati kama watu wapatanao bei ya kuku sokoni. Matumizi ya mtoto mwenyewe hayakuhesabiwa hata kidogo.

Twaona kwamba desturi hiyo ni mbaya, na kwamba haina sababu ya kuendelea, kwa kuwa sheria ya nchi imekwisha kuonyesha njia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimtwika mwanamume wajibu wa kwanza: awape watoto wake makazi, mavazi, chakula na elimu kwa kadiri ya uwezo na hali yake, hata ikiwa wanakaa kwa mtu mwingine. Mama aliingia pale ambapo baba amefariki, au hajulikani alipo, au hana uwezo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ikaupanua wajibu huo ukawa wa mzazi, baba kwa mama, iwe walifunga ndoa au hawakufunga. Ikataja na haki za mtoto: chakula, malazi, mavazi, matibabu pamoja na chanjo, elimu na maongozi, hata nafasi ya kucheza na kupumzika.

Sheria hiyo haikumwekea hakimu kiwango cha fedha. Imempa mambo matano ya kupima. La kwanza ni kipato na mali ya wazazi wote wawili. La pili ni jambo lolote lililopunguza uwezo wa mwenye wajibu wa kujipatia riziki, kama vile ugonjwa au ulemavu. La tatu ni mzigo alio nao wa kuwatunza watoto wengine. La nne ni gharama za maisha mahali anapokaa mtoto. La tano ni haki za mtoto mwenyewe. Tena mahakama yaweza kumtaka Afisa Ustawi wa Jamii achunguze hali ya pande zote mbili na kuleta taarifa kabla ya kukata shauri.

Wako wasemao kwamba ingekuwa rahisi kutaja kiasi kimoja kwa watu wote. Hao twawakumbusha habari ya shilingi 100. Ilikuwapo sheria ya enzi za ukoloni, iliyowahusu watoto waliozaliwa nje ya ndoa, ambayo ilimwekea hakimu mpaka wa shilingi 100 kwa mwezi. Ilipotungwa, fedha hizo zilikuwa na uzito. Miaka ikapita, bei zikapanda, na shilingi 100 zikabaki palepale kitabuni, mpaka sheria hiyo ilipofutwa na Sheria ya Mtoto mwaka 2009. Wakati huo fedha hizo hazikutosha kununua mkate mmoja. Kiasi kisichofuata maisha hugeuka dhihaka, na anayedhihakiwa ni mtoto.

Wako wengine wasemao tufuate nchi zinazokata fungu katika mshahara. Ni kweli zipo. Katika jimbo la Wisconsin, Marekani, kipimo cha kawaida ni asilimia 17 ya kipato cha mzazi asiyekaa na mtoto akiwa mtoto ni mmoja, asilimia 25 wakiwa wawili, na 29 wakiwa watatu. Uingereza, chini ya utaratibu ulioanza mwaka 2012, hukata asilimia 12, 16 au 19 ya kipato kabla ya kodi kwa wenye kipato cha kawaida, na hupunguza malipo ikiwa mtoto hulala kwa mzazi huyo walau usiku 52 kwa mwaka. Utaratibu huo una faida ya kuzuia ubishi. Lakini wategemea hati ya mshahara. Kwetu, mkulima wa korosho, mvuvi, mchuuzi wa mitumba na dereva wa bodaboda hawana hati hiyo. Asilimia 17 ya kitu kisichojulikana ni kitu kisichojulikana.

Basi tufanyeje? Twapendekeza hesabu ianzie kwa mtoto, ndipo iende kwa wazazi.

Tuseme, kwa mfano, mtoto mmoja anayesoma shule ya msingi hutumia kwa mwezi shilingi 90,000 kwa chakula, 40,000 kwa fungu lake la kodi ya chumba, 50,000 kwa mambo ya shule, 20,000 kwa matibabu, na 40,000 kwa mavazi, sabuni na mafuta. Jumla ni shilingi 240,000. Hata palipo na elimu bila ada, sare, madaftari na nauli vipo palepale. Na kwa kuwa sare hununuliwa mara moja au mbili tu kwa mwaka, gharama yake igawanywe kwa miezi 12. Tuseme tena kwamba baba hupata shilingi 600,000 na mama 200,000. Katika kila shilingi nne ziingiazo kwa wazazi hao, tatu ni za baba na moja ni ya mama. Basi baba atoe 180,000 na mama 60,000. Ikiwa baba ana watoto wengine, nao waingizwe katika hesabu, maana tumbo lao halina kosa. Lakini wahesabiwe kwa haki ileile, wasifanywe kisingizio cha kumsahau wa kwanza.

Lipo jambo lisiloandikwa katika daftari. Mzazi anayekaa na mtoto ndiye apikaye, afuaye, akeshaye na mgonjwa, na aachaye kibarua siku shule inapomwita. Kazi hiyo haina stakabadhi, nayo ni mchango. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na aliye mbali huuona mwepesi. Kwa hiyo mama, au baba, alalaye na mtoto nyumba moja asiambiwe kwamba hatoi kitu kwa sababu tu mkononi hana noti.

Kwa wasio na mshahara, hesabu ifuate msimu. Mkulima wa Mtwara au Lindi asidaiwe mwezi wa Aprili kana kwamba korosho zimekwisha kuuzwa. Mahakama yaweza kuamuru malipo ya vipindi au ya mkupuo, na yafaa mkupuo mkubwa uangukie wakati wa mauzo, na kiasi kidogo kiendelee katika miezi ya ukame. Naye mwenye mshahara asidhani ya kuwa kunyamaza kutamwokoa, kwa maana mshahara waweza kukatwa kwa amri ya mahakama.

Mwisho, amri ya matunzo si jiwe. Hali ikibadilika, sheria inaruhusu mhusika arudi mahakamani, na kiasi kiongezwe au kipunguzwe. Aliyeachishwa kazi arudi aseme, asitoroke. Na mama ambaye mtoto wake ameingia sekondari arudi aseme, asinung'unike jikoni. Kwa kawaida amri hukoma mtoto atimizapo miaka 18, lakini yaweza kuendelezwa ikiwa bado yumo masomoni.

Hatuna budi kusema wazi kwamba kuachana ni shauri la watu wazima wawili, na mtoto hakuulizwa. Deni lake halifutwi na ugomvi wao. Shime, wazazi mlioachana: kabla ya kwenda kubishana mbele ya hakimu, ketini na kalamu na karatasi, mwandike mtoto wenu anakula nini, anavaa nini na anasoma kwa gharama gani. Mkimaliza kuandika hayo, nusu ya kesi itakuwa imekwisha.