Rangi za Vifaranga Chotara: Namna ya Kuzijua Mapema

Mara nyingi mtu anunuapo jogoo mgeni katika soko la Voi na kumtia bandani pamoja na matembe wake wa kienyeji, huwa na swali moja moyoni: vifaranga watatoka wa namna gani? Wengine husema ni bahati tu. Wengine hukisia kwa kutazama rangi ya yai, jambo lisilo na msingi, kwani rangi ya gamba hutokana na mama aliyetaga, wala haisemi lolote juu ya manyoya ya kifaranga. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya jambo hili yaweza kujulikana mapema, na mwenye kulijua huokoa chakula kingi. Mapora kumi waliolishwa miezi miwili kwa kudhaniwa kuwa matembe ni hasara kubwa kwa mama anayetegemea mayai kulipa karo.

Kila kifaranga hupokea mbegu za urithi kutoka kwa baba na kwa mama. Wataalamu huziita jeni. Sisi hapa tutasema mbegu za urithi, maana jina hilo lajieleza lenyewe. Kwa sifa nyingi, kila mzazi hutoa mbegu moja na kifaranga huwa na mbili. Lakini ziko mbegu chache zilizofungamana na jinsia, na hapo kuku hawafanani na binadamu. Jogoo anazo mbili, kuku jike anayo moja tu. Hiyo moja mama huwapa wanawe wa kiume peke yao. Binti hupata ya baba yake.

Milia ni sifa ya namna hiyo. Chukua koo wa Plymouth Rock, mwenye milia myeusi na myeupe, umpandishe kwa jogoo mwekundu wa Rhode Island Red. Vifaranga wote hutoka weusi, ila madume wana doa jeupe utosini na majike hawana. Wakikua, madume huwa na milia, na majike hubaki weusi wenye wekundu kidogo shingoni. Basi siku ile ile ya kuanguliwa mwenyewe aweza kuwatenga. Ukiwageuza wazazi, yaani jogoo halisi wa milia kwa koo mwekundu, faida hiyo hupotea: wote watakuwa na milia, madume kwa majike. Koo wa kienyeji mwenye milia naye hurithisha vivyo hivyo, lakini ikiwa malaika ya vifaranga wake si meusi, lile doa ni vigumu kuliona.

Maarifa haya si mapya. Mwaka 1902 Bateson wa Cambridge alionyesha kwa kuku kwamba kanuni za urithi alizozigundua Mendel katika njegere hufuatwa na wanyama pia. Mwenzake, Punnett, ndiye aliyeshauri wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia kwamba vifaranga watengwe kwa rangi, ili chakula haba cha Uingereza kisipotee kwa madume yasiyotakiwa. Ndiyo vita vile vile vilivyoleta reli ya kutoka Voi kuelekea Taveta.

Sasa twaja penye udanganyifu, au pengine ujinga tu. Doa la utosini hufaa kwa uzao wa kwanza. Jogoo chotara aliyezaliwa hapo ana mbegu moja ya milia na moja isiyo ya milia. Akipandishwa kwa dada zake, nusu ya wana wa kiume na nusu ya wana wa kike watapata milia, na doa halitatenga tena dume na jike. Anayekuuzia vifaranga hao akidai kwamba wasio na doa wote ni majike, muulize kwanza wazazi wao ni akina nani.

Sifa nyingine hazitegemei jinsia. Kuku wa kishingo, asiye na manyoya shingoni, akipandishwa kwa kuku wa kawaida hutoa vishingo wote au karibu nusu, kwa kadiri alivyorithi mbegu hiyo mara mbili au mara moja. Aliyeirithi mara moja hujulikana kwa kishada cha manyoya mbele ya shingo. Kwa joto la Voi huyu ni kuku mwema, kwani hupoza mwili upesi. Kidimu, mwenye manyoya yaliyojikunja, yataka hadhari. Ukipandisha kidimu kwa kidimu, yapata robo ya watoto hutoka na manyoya dhaifu yanayokatika hata wakabaki karibu uchi, na baridi ya Wundanyi haiwahurumii. Ipo pia aina ya kuku wafupi sana wa miguu ambao, wakipandishwa wao kwa wao, robo ya vifaranga hufia ndani ya yai. Nimewasikia watu wakilaumu jicho la jirani kwa mayai hayo.

Hesabu ya nusu na robo ni ya vifaranga wengi. Katika mayai kumi na mawili, usishangae ukipata vishingo wanne au wanane badala ya sita. Wala rangi haionyeshi wingi wa mayai. Utagaji huongozwa na mbegu nyingi ndogo ndogo, pamoja na chakula na afya.

Mwenye kutaka kujaribu awafungie makoo aliowachagua mbali na majogoo mengine. Mbegu ya jogoo hukaa hai ndani ya kuku jike kwa muda wa majuma mawili hivi, na pengine zaidi, kwa hiyo mayai ya kuatamiwa yasiwekwe mpaka yapite majuma matatu tangu jogoo wa kwanza alipoondolewa. Mayai ya muda huo yaliwe au yauzwe.