AFP: Karatasi ya Maabara Isiyopaswa Kukutisha Kabla ya Kumwona Daktari

Mkazi anatoka hospitalini na karatasi ya maabara iliyoandikwa herufi tatu, AFP, na mbele yake tarakimu iliyo juu ya kiwango cha kawaida. Anapanda matatu Thika, anatafuta maana yake kwenye simu, na kabla ya kushuka Ruiru ameshajiambia kwamba ana saratani ya ini. Huenda anayo, huenda hana. Karatasi hiyo peke yake haiwezi kusema.

AFP ni kifupi cha alfa-fetoprotini, protini inayotengenezwa kwa wingi na ini la mtoto akiwa bado tumboni. Baada ya kuzaliwa hupungua, na kwa mtu mzima hubaki kidogo mno. Mwaka wa 1963, mtafiti Garri Abelev na wenzake mjini Moscow waligundua kwamba panya wazima wenye saratani ya ini walikuwa wakiitengeneza tena. Mwaka uliofuata Yuri Tatarinov aliikuta katika damu ya binadamu mwenye ugonjwa huo.

Protini haionekani kwa macho, hata kwa hadubini. Ndipo kingamwili inapohitajika. Sungura au panya hudungwa AFP ya binadamu, na mwili wake hutengeneza kingamwili zinazoishika protini hiyo. Kingamwili hizo ndizo zinazotumika kupima damu, na pia kuchunguza kipande cha nyama kilichotolewa kwenye ini kwa sindano. Kipande hicho hulowekwa katika fomalini, huzamishwa katika nta, kisha hukatwa vipande vyembamba kuliko unywele na kuwekwa juu ya kioo. Kingamwili hudondoshewa hapo, ikifuatwa na dawa inayogeuka kahawia mahali iliposhika. Mwanapatholojia akiona seli zenye rangi hiyo, anajua AFP imo.

Hata hivyo, kuna saratani nyingi za ini zisizotoa AFP kabisa, kwa hivyo kukosekana kwa rangi si hakikisho kwamba mgonjwa ni mzima. Wataalamu hutumia kingamwili nyingine pamoja na hii. Kwa upande mwingine, mama mjamzito huwa na AFP nyingi katika damu, na ni jambo la kawaida. Homa ya ini ya muda mrefu na ini lenye makovu pia huipandisha. Baadhi ya uvimbe wa ovari na korodani vilevile huitoa. Ukiwa mjamzito, mwambie daktari kabla ya kutolewa damu.

Kwa nini tunaandika haya kwa wakazi wa Thika na Ruiru? Mwaka wa 2004, watu walipokufa Ukambani kwa kula mahindi yenye sumu ya aflatoksini, Wilaya ya Thika ya wakati huo ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoathirika pamoja na Makueni, Kitui na Machakos. Waliougua walikuwa 317, na 125 walifariki. Hao waliuawa na sumu nyingi kwa muda mfupi. Sumu hiyo hiyo ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka huleta saratani ya ini, na hatari huongezeka sana kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B.

Kupika hakuiondoi. Githeri inaweza kuchemka asubuhi nzima na sumu ikabaki. Kausha mahindi juu ya turubai, si juu ya udongo, hadi unyevu usizidi asilimia 13.5, na usiyafunge kwenye gunia yakiwa mabichi. Yaliyoota kuvu usimpe ng'ombe ukidhani umeokoa hasara: sumu hupita hadi kwenye maziwa, na maziwa hayo hunywewa na watoto wako au wa jirani.

Chanjo ya homa ya ini aina ya B hutolewa kwa watoto wachanga wakiwa na wiki 6, 10 na 14, ndani ya sindano ya magonjwa matano. Iliingizwa katika ratiba ya kitaifa mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hivyo wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata utotoni. Mtu mzima anaweza kupimwa virusi hivyo na, asipokuwa navyo, akachanjwa.

Ukipewa majibu ya AFP, rudi nayo kwa daktari aliyeagiza kipimo, pamoja na picha za ini na majibu ya awali kama unayo. Mara nyingi atataka kulinganisha tarakimu mbili au tatu za nyakati tofauti kabla ya kusema lolote.